Ukingo wa Mwalimu

Leo ni siku ya tatu tangu nirudi kutoka Mwanda, kule milimani, na bado nikikaa peke yangu najikuta nimeshika mdomo, kama mtu aliyeambiwa jambo sasa hivi. Mimi si mtu wa kuandika. Nilifika darasa la nane basi, na daftari hili nililianza kwa mambo ya nyumba tu, mvua imenyesha lini, kuku yupi analalia. Lakini kuna mtu nilimwita mchoyo mbele ya watu. Akalibeba hilo neno miaka sita, na sasa nimejua sikuwa na haki. Keshokutwa ni Alhamisi na nitasimama mbele ya wenzangu kulitoa. Kabla ya hapo nataka nimweke hapa alivyo, nisimpunguzie na nisimpake mafuta.

Tunamwita Mwalimu. Shule hajawahi kufundisha. Alitufundisha kroshia, kila Alhamisi baada ya saa nane mchana, kwenye kile chumba cha nyuma cha kanisa hapa Voi panapowekwa viti vilivyovunjika. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, siku nyingine saba. Na si vile vitambaa vya makochi ambavyo kila mtu anavijua. Ni skafu ya vitanzi, nyepesi hivi kwamba ukiiinua mbele ya dirisha unamwona anayepita nje. Kutoka Maungu mpaka Taveta sijaona mwingine anayeishona. Labda wako, mimi sijawaona.

Kila mmoja wetu alikuwa na pini. Hicho ni chuma chembamba kilichokunjwa kikawa na miguu miwili, kama pini ya nywele ya zamani, lakini kirefu kama kutoka kiganja hadi kiwiko, na chini kuna kijiti cha kuzuia miguu isiachane. Alitutengenezea mume wa Mwalimu, mzee aliyestaafu reli. Unazungusha uzi kwenye miguu ya pini, unashona katikati na sindano ya kroshia, unageuza pini, unazungusha tena. Kila ukigeuza, kitanzi kimoja kinabaki kushoto na kingine kulia. Mwishowe unapata utepe mrefu wenye uti wa mgongo katikati na vitanzi kando kando, kama tandu. Tepe tano ukiziunganisha, kitanzi ndani ya kitanzi kama unavyosuka nywele, una skafu. Inabaki ukingo tu. Na maneno yote yalitokea kwenye huo ukingo.

Siku yangu ya pili nilimletea utepe wa vitanzi mia na ishirini. Nilikuwa nimeushona wiki nzima na nimejisikia kweli kweli. Mwalimu aliushika, akautazama juu ya miwani, akatafuta mwisho wa uzi akavuta. Trrr. Utepe wote ukarudi kuwa uzi mapajani mwangu.

"Umekaza," akasema. "Legeza mkono, Mama Wakesho. Hukamui ng'ombe."

Hilo la ng'ombe tumelisikia sote. Mama Otieno, ambaye anakaa kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, na ana kicheko cha kusikika ng'ambo ya stendi, alimjibu siku moja, "Mwalimu, mimi nyumbani hatukamui, tunavua samaki." Mwalimu akamwambia, "Basi legeza kama unamwachilia." Mama Otieno akacheka mpaka akakosa hesabu ya vitanzi, na Mwalimu akaufumua ule utepe bila huruma yoyote.

Alikuwa na sheria zake. Anafika kabla yetu na kupangusa meza na leso yake hata kama ni safi. Chai yake ni strungi, isiyo na maziwa, yenye tangawizi, kwenye thamosi ya kijani isiyo na kifuniko, na hakuna kugusa mahamri mpaka uzi wote uwe kwenye mfuko na ukimaliza kula unaosha mikono kabla ya kurudi kwenye uzi. Kabla utepe haujatoka kwenye pini lazima upitishe uzi wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote, la sivyo vitajipinda na hutajua kipi kinaanza. Atakayesahau ataimba. Mama Otieno alisahau karibu kila mwezi. Mwalimu alisema huyo anasahau makusudi. Ni kweli alisahau makusudi, ana sauti nzuri na kwaya ilikuwa imemnyima nafasi.

Umbea alisema haupendi. Lakini mtu akiingia na habari, sindano ya Mwalimu ilisimama kwanza. "Mimi mambo ya watu siyapendi," angesema, "halafu huyo mwanamume akajibu nini?" Alikuwa mkali na alikuwa na upendeleo pia, lazima niseme. Mwanamke aliyevaa vizuri, Mwalimu alimsifu haraka kuliko sisi wengine. Alichelewa kusema pole. Lakini ukikosa Alhamisi mbili, Ijumaa yuko mlangoni kwako na kabichi za Mwanda kwenye kikapu, na anakagua mikono yako kabla ya kukusalimu.

Mume wangu alipofariki, watu walikuja na maneno mengi mazuri na siwalaumu. Mwalimu alikuja, akakaa chini kwenye mkeka. Akatoa pini yangu chini ya mto, maana alijua ninakoiweka, akanitia mkononi. Nilishona matanga yote. Ilikuwa skafu ya bluu iliyokolea. Wazee wengine waliona vibaya, mjane anashona. Mwalimu aliwatazama tu, na mtu akitazamwa na Mwalimu juu ya miwani anakumbuka ana kazi nyumbani.

Sasa ukingo.

Ukimaliza kuunganisha tepe zako, unaikunja skafu kwenye gazeti unampa Mwalimu. Anakwenda nayo kwake. Alhamisi inayofuata inarudi na ukingo. Na ukingo wenyewe ulikuwa hivi: vitanzi vitatu vimekusanywa pamoja, halafu upinde mdogo kama kombe la pwani, na juu ya kila kombe vinundu vitatu vidogo kama punje za mtama. Inazunguka skafu yote, imelala sawa kama imepigwa pasi. Tulikuwa tukifungua lile gazeti pole pole na Mama Otieno anapiga kigelegele. Skafu zenyewe zilikuwa za kupeana: mama wa bwana harusi, mtu aliyefiwa, nyanya anayehamia kwenye baridi ya milimani. Kwa sababu Voi, haki ya Mungu, skafu utamfunika nani? Lakini aliyepewa skafu ya Mwalimu aliivaa kanisani hata jasho likimtoka.

Hatukuwahi kumwona akiushona ule ukingo. Tukimwomba atufundishe alisema, "Hiyo bado." Mwaka wa kwanza bado. Wa pili bado. Mimi nilikuwa naweza kufanya kila kitu kingine, hata yeye alisema, na bado ilikuwa bado.

Nitakiri jambo. Nilichukua skafu yangu moja iliyokamilika nikafumua ukingo nusu mkono, pole pole, nikiandika nyuma ya daftari la Wakesho: vitatu pamoja, mnyororo tano, rudi. Halafu nikaushona upya vile vile. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Lakini skafu ilijikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Nikafumua, nikarudia, ikajikunja tena. Nikajiambia kuna kitu anatuficha.

Ndiyo nikafika siku ile ya kufunga mwaka, miaka sita iliyopita. Tulikuwa na soda na keki. Nilisimama. Sijui nani alinituma, na Mama Otieno alikuwa ananivuta gauni kwa nyuma.

"Mwalimu, sisi tunakuheshimu," nikasema, "lakini kuna kitu unatunyima. Wewe hutaishi milele. Ukiondoka na huo ukingo utakuwa umetusaidia nini? Mimi naona huo ni uchoyo. Wewe ni mchoyo, Mwalimu."

Nilitegemea atanifukuza. Alitazama dirishani kidogo, kama mtu anayesikiliza kama gari moshi limekaribia, halafu akasema, "Basi mimi ni mchoyo. Nani hajapata soda ya machungwa?"

Alhamisi iliyofuata alikuja kama kawaida. Akapangusa meza. Akachukua skafu zetu, na zikarudi na ukingo, hata yangu. Lakini neno likishatoka halina mwenyewe. Wengine wakaanza kumwita Mchoyo akiwa hayuko. Siku moja nikasikia mtoto dukani akisema, "Yule shosho mchoyo anapita." Nilinunua chumvi nikaenda zangu. Sikumkanya. Hilo nalo naliandika.

Kuhusu mume wake sikuwa na mengi. Alikuwa mrefu, ana koti la reli lililopauka, na jioni alicheza drafti na wenzake wa reli pale landi kwa vifuniko vya soda. Alikuwa maarufu kwa kupiga ubao kofi akishinda. Sisi akituona alisema "Habari zenu" na kutazama pembeni. Nilidhani hapendi kutuona.

Mwaka jana miguu ilianza kumsumbua Mzee, wakahamia Mwanda kwenye shamba lao. Alhamisi iliendelea, na mimi ndiye niliyebaki mbele kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kupangusa meza. Skafu zikaanza kukusanyika kabatini bila ukingo, nane sasa. Moja nilituma juu kwa mama anayeuza mboga, ile ya maruni, kwa sababu Wakesho anaolewa na hiyo ni ya kumpa mama wa kijana. Wiki tatu haikurudi. Wenzangu wakasema nipande mwenyewe niichukue, na nimwombe Mwalimu mara ya mwisho kabisa atufundishe. Mama Otieno akaongeza, "Na usisimame. Ukisimama wewe, mdomo wako unapata miguu."

Nilifika Mwanda ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilibisha hodi mara mbili. Redio ilikuwa juu, hakuna aliyejibu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikachungulia.

Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha, miguu ameifunika blanketi, miwani imefungwa kwa uzi. Skafu yangu ya maruni ilikuwa mapajani mwake. Nilidhani ameichukua ajifunike. Halafu nikaona sindano ya kroshia.

Iliingia kwenye vitanzi vitatu ikavikusanya. Mnyororo. Ikarudi. Kombe likatokea. Nundu, nundu, nundu. Yale madole makubwa ya reli, na ukucha wa gumba mweusi kabisa, hata hakuwa anatazama. Alikuwa anasikiliza habari. Ukingo ulikuwa unamtoka mkononi kama mtu anayebangua karanga.

Mfuko wangu ulianguka. Machungwa yakabingirika mpaka chini ya kiti chake. Mzee akainua kichwa akanitazama, hakuficha kitu. Akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Mama! Tumekamatwa!"

Mwalimu akatoka na unga mikononi. Amekonda. Akanitazama, akautazama mlango, akamwambia mume wake, "Si nilikuambia ufunge."

Nilichosema ni upuzi. Nilisema, "Mzee, hiyo ni skafu yangu."

"Najua ni yako," akasema. "Vitanzi vyako vya kushoto ni virefu kuliko vya kulia. Tangu zamani. Uti wako wa mgongo unakimbilia kulia kama una haraka ya kufika. Yule wa landi anayeimba, yeye huruka kitanzi kila akifika arobaini, nadhani ndipo anapocheka. Karibu, kaa. Baridi inaingia."

Nilikaa. Huyu mtu aliyekuwa akitusalimu akitazama pembeni alikuwa anatujua mkono kwa mkono, sote kumi na mmoja.

Waliniambia wakipokezana. Zamani Mzee alikuwa kwenye kistesheni kidogo porini, kazi ni ishara na kungoja, treni mbili kwa siku. Mwalimu alikuwa anashona skafu zake, na ukingo kila mara unajikunja. Siku moja Mzee kwa kuchoka kukaa akasema hebu nijaribu. Ukalala sawa mara ya kwanza.

"Mkono wangu unakaza," Mwalimu akasema. Alikuwa anatazama unga kwenye vidole. "Kwenye pini haionekani, chuma chenyewe kinauzuia uzi. Ukingo hauna chuma, ni mkono peke yake. Nimewapigia kelele mlegeze miaka yote kwa sababu mimi nimeshindwa. Sasa ningewafundisha nini?"

"Si ungetuambia tu, Mwalimu?"

"Niseme nini? Kwamba mwanamume wangu anashona?"

Mzee akachukua hapo. "Ni mimi nilimwapisha. Tulipohamishwa Voi nilikuwa na wenzangu arobaini pale landi. Wangenimaliza. Kwenye drafti wangeniita mama nani sijui. Nikamwambia, huo ukingo ni wako, na ukisema ni wangu nauchoma moto pamoja na sindano."

"Alisema hivyo," Mwalimu akasema. "Nikamwapia."

"Siku aliporudi na lile neno lako…"

"Acha," Mwalimu akamkata.

"Siachi. Siku hiyo nilivaa koti. Nikasema naenda kanisani sasa hivi kabla hawajatawanyika, nitasema mbele yao wote, wacha wacheke. Huyu akasimama mlangoni. Akaniambia umeniapisha na mimi nimekula kiapo, na uchoyo si malaria, hautaniua."

Miaka sita. Kila Alhamisi ameingia pale akijua tunavyomwita, akatufunza, akatubebea skafu zetu nyumbani, na neno moja tu lingemsafisha. Hakulisema. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele, karibu na thamosi, nikijiona ndiye mkweli.

Mzee alikuwa anakata uzi. Akasema, bila kunitazama, "Kuna ile yako ya bluu. Ilikuja imekaza kama waya. Nikamuuliza huyu ana nini, akasema amefiwa. Utepe wa mwisho ukakataa ukingo kabisa. Niliufumua nikaushona upya, nikaulegeza. Nisamehe, sikuomba ruhusa."

Hapo ndipo nilipolia.

Mwalimu hakusema pole. Alipangusa mikono, akavuta kiti karibu na cha mume wake, akakipiga kofi. "Kaa hapa. Shika sindano."

Mzee alinionyesha. Si hesabu, hesabu nilikuwa nayo sawa tangu ile siku ya daftari la Wakesho. Ni kidole cha kushoto, kile kinachoshika uzi. Anakinyoosha kila baada ya nundu, kama mtu anayeonyesha njia, na uzi unapumua. Ni hilo tu. Nilishona makombe manne yakajikunja. La tano nalo. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Legeza mkono, Mama Wakesho. Hukamui…"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sikia nani anasema!" Na Mwalimu naye akacheka, na mimi sijawahi kumwona akicheka hivyo, ameshika mgongo wa kiti. Kombe la sita lililala.

Nilipokuwa naaga nilisimama mlangoni nikashindwa kutoka. "Mwalimu, na lile jina? Nitaliondoaje?"

"Uliliweka ukiwa umesimama," akasema. "Litoe ukiwa umesimama."

Nikamtazama Mzee, maana siri ilikuwa yake. Alikuwa ameshachukua chungwa langu moja analimenya.

"Waambie tu," akasema. "Wa drafti wamebaki wawili, na mmoja hasikii."

Nimerudi na skafu ya maruni, nusu ya ukingo ni wake na nusu ni wangu, na mama wa kijana akitazama sana ataona palipoungana. Sitaficha.

Leo asubuhi nimetoa ile ya bluu sandukuni. Nimeivaa kanisani miaka yote hii, kwenye matanga ya watu, kwenye harusi mbili. Nimeitandaza kitandani nikapima vitanzi, tepe moja moja, kwa rula ya Wakesho. Ya kwanza, kushoto kumezidi kulia. Ya pili kumezidi. Ya tatu, ya nne, kumezidi, huo ni mkono wangu kabisa. Ya tano nimeipima mara tatu, kwa sababu mimi hujidanganya. Kushoto na kulia ni sawasawa mpaka mwisho.